"Mimi niko wapi?" Kisa cha kava mbili za albamu moja

Mwaka 2011 nilitengeneza kava ya albamu ya kwaya moja ya hapa Kisumu. Mpaka leo naiona ni kazi nzuri, na ilikataliwa na watu wale wale niliowatengenezea. Miezi minne baadaye nikatengeneza nyingine kwa albamu ile ile, nyimbo zile zile nane, kwa mpangilio ule ule. Ya pili ilipokewa kwa vigelegele. Muziki haukuguswa hata noti moja.

Nimekuwa nikikirudia kisa hiki kichwani kwa miaka mingi, kwa sababu sisi tunaotengeneza majalada hatupati nafasi kama ile. Kwa kawaida albamu ikiuzwa hujui sifa ni za nani, na ikilala hujui lawama ni ya nani. Pale kilichobadilika kilikuwa karatasi ya sentimita 12 kwa 12, basi.

Kwaya yenyewe ni ya kanisa moja upande wa Kondele. Waimbaji 32, majoho ya rangi ya damu ya mzee yenye kola nyeupe, na mwalimu wa kwaya ambaye alikuwa amefundisha shule za msingi mpaka akastaafu. Walichangishana karibu miaka miwili kulipia studio. Wimbo wa kwanza ulitoka katika Injili ya Luka, pale wavuvi waliposhinda usiku kucha bila kupata kitu, wakaambiwa warudi kilindini washushe nyavu. Kwa watu waliokulia kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, wimbo huo hauhitaji kufafanuliwa. Sopranu wanauanza peke yao, taratibu, kama mtu anayevuta wavu akiwa amechoka, na besi hawaingii mpaka beti ya pili.

Niliusikiliza wimbo huo mara nyingi nikiwa kwenye kibanda changu karibu na soko la Kibuye. Kisha siku moja nikaamka saa kumi za usiku, nikaenda Dunga na kamera ya kuazima. Nilipata nilichokitaka: mtumbwi mmoja, tanga limekunjwa, maji yana rangi ya risasi, na mstari mwembamba wa alfajiri upande wa mashariki. Nikaweka jina la albamu kwa herufi ndogo nyeupe chini kabisa. Hakukuwa na uso wa mtu.

Nilikuwa nimetoka chuoni hivi karibuni na nilikuwa na imani yangu kuhusu kazi hii. Tulifundishwa habari za Alex Steinweiss, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya santuri ya Columbia Records kule Marekani. Kabla yake, santuri nyingi zilifungwa katika majalada ya karatasi ya kahawia yasiyo na picha, na watu wa biashara hiyo waliyafananisha na mawe ya makaburi. Mwaka 1940 Steinweiss, akiwa na umri wa miaka 23, aliwashawishi wakubwa wake wamruhusu achore. Aliamini mtu anapaswa kulitazama jalada aanze kuusikia muziki. Mara nyingi hakuhitaji picha ya mwanamuziki. Alitumia alama, umbo na rangi. Nami niliamini hivyo hivyo. Mtumbwi wangu ulikuwa wimbo wa kwanza uliogeuzwa picha.

Kamati ya kwaya iliutazama. "Ni nzuri, kijana wetu," akasema mwenyekiti. Wengine wakanyamaza. Leo naujua ukimya ule. Ni ukimya wa watu wenye adabu wasiotaka kumvunja moyo kijana aliyesoma. Tukachapisha nakala 300 za VCD, zile diski za video.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili. Baada ya ibada meza iliwekwa chini ya mwembe, ikatandikwa kitambaa cheupe, VCD zikapangwa kwa safu. Nilisimama karibu, nikisubiri kuona. Mama mmoja wa sauti ya alto, mwenye umri wa mama yangu, akaja wa kwanza. Alifuta vidole kwenye leso kabla ya kugusa. Akaiinua moja, akaitazama. Akaigeuza nyuma kwenye orodha ya nyimbo. Akairudisha mbele. Kisha akafungua kasha, akaitoa karatasi, akatazama upande wa ndani ambao ulikuwa mweupe mtupu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "Mimi niko wapi?"

Nilimwonyesha mtumbwi. Nikamweleza habari za Luka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akairudisha nakala mahali pake na kuinyoosha vizuri iwe sawa na wenzake. Alinunua moja, kwa kuwa ni kwaya yake. Wageni waliokuja nyuma yake wengi hawakununua. Jioni ile boksi mbili zilirudi dukani kama zilivyokuja.

Santuri za mwalimu

Baada ya miezi kama miwili mwalimu wa kwaya alinijia. Hakulaumu. Aliniomba nimsindikize nyumbani kwake Manyatta, na huko akatoa chini ya kitanda sanduku la mbao lililojaa santuri ndogo za inchi 7, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Nyingi zilikuwa za miaka ya sabini: Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Victoria Jazz, na bendi nyingine za benga, muziki wa gitaa wa Waluo. Kila moja ilikuwa ndani ya bahasha ya karatasi yenye tundu la mviringo katikati, ili lebo ionekane.

Nikaona nimepata hoja. Nikamwambia, "Mwalimu, hizi hazina picha ya mtu hata mmoja, na umezitunza zaidi ya miaka thelathini."

Akasema, "Hawa niliwaona kwa macho yangu. Nilicheza mbele yao."

Jibu hilo lilinichukua muda kulielewa, na naomba nilikalie kidogo, kwani ndani yake mna nusu ya uchambuzi huu. Benga iliuzwa na redio na kumbi za dansi. Mtu alikuja dukani akiwa tayari ameshampenda mwanamuziki. Uso wake alikuwa nao kichwani, na jasho lake, na jinsi alivyolishika gitaa. Santuri ilikuwa ya kumkumbusha. Picha haikukosekana, ilikuwa imebebwa na mnunuzi mwenyewe.

Kisha akaitoa moja yenye mchoro wa sungura kwenye lebo. Lebo ile ilikuwa ya Phares Oluoch Kanindo, prodyuza na mfanyabiashara aliyerekodi na kusambaza benga nyingi sana miaka hiyo. Habari yake inanigusa kila ninapoisimulia. Santuri za Kanindo zilisafiri mpaka nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Wasikilizaji wa kule hawakujua Dholuo, lugha ya Waluo. Hawakuwa wamewaona wanamuziki hawa. Kwa hiyo wakashika walichokuwa nacho mkononi, yaani duara la karatasi katikati ya santuri. Muziki ule wakauita kanindo, na wanamuziki wao walipoanza kupiga gitaa kwa mtindo uliokua kutoka humo, ukaitwa sungura. Mpaka leo sungura ni jina la mmoja wa mitindo inayopendwa kuliko yote Zimbabwe, na mzizi wa jina hilo ni mnyama aliyechorwa kwenye lebo ya Mkenya.

Anayedhani picha ya santuri ni pambo tu aitafakari habari hiyo. Watu walio mbali na mwimbaji hushika picha yoyote iliyo karibu na sauti, hata ikiwa ndogo kama kifuniko cha birika, na mapenzi yao yote huning'inia hapo.

Sasa, wanunuzi wa VCD yetu walikuwa akina nani? Hawakuwa wacheza dansi waliomwona mwimbaji jukwaani, wala wageni wa nchi ya mbali. Walikuwa mama, shemeji, jirani, mtoto wa dada anayefanya kazi Nakuru, mfiwa aliyeimbiwa na kwaya ile kwenye mazishi ya baba yake huko Seme. Walikuja mezani wakiwa na mtu wao ndani ya muziki. Mimi niliwapa mtumbwi mtupu.

Jiwe

Kava ya pili ilipigwa Kit Mikayi, yale majabali makubwa yaliyobebana kando ya barabara ya Bondo, kilomita kama 30 kutoka mjini. Kwa Dholuo jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huenda kusali pale, na kwaya nyingi huenda kupiga picha. Mimi nilikuwa nimeapa sitafanya kava ya aina hiyo, ya watu wamesimama kwenye mawe. Nilikwenda kwa sababu mwalimu aliniomba, na kwa sababu swali la yule mama lilikuwa halijanitoka.

Wenye kazi hii wanajua taabu ya kuwapata waimbaji 32 mahali pamoja. Muuguzi alikuwa zamu ya usiku. Mwingine ni wa boda boda na siku ile alikuwa na wateja. Walifika 24. Saba kati ya wanane waliobaki niliwapiga mmoja mmoja siku nyingine, mbele ya ukuta wa kanisa, nikawakata kwenye kompyuta na kuwapandisha jiweni. Kazi hiyo hudharauliwa sana na waliosoma sanaa, nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipoifanya. Kule jiweni jua lilitoka kushoto, kwenye ukuta lilitoka kulia, hivyo niliwageuza wote saba kama kwenye kioo. Mmoja mwenye kovu la shavuni akaniambia kovu limehamia upande usio wake. Ilinibidi nimpige upya, asubuhi, jua likiwa upande unaotakiwa.

Halafu kuna hesabu. Safu nne za watu wanane kwenye upana wa sentimita 12 zinampa kila mtu sentimita moja na nusu, na uso wake unatoka na milimita kama 7. Kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi, uso huo una nukta kama 80 kwa upana. Unatosha kumtambua mtu unayempenda. Chini ya hapo hautoshi. Anga, maua, maporomoko ya maji, vyote nilivyoombwa niongeze, nilivikataa kwa sababu hiyo moja: kila milimita ilikuwa ya uso wa mtu. Jina la albamu nililiweka nyuma ya kasha.

Jambo la mpangilio sikulibuni mimi. Mwalimu ndiye aliyesisitiza wapangwe kwa sauti kama wanavyosimama kanisani: sopranu mbele, alto safu ya pili, teno safu ya tatu, besi juu. Niliona ni ukaidi wa mwalimu wa zamani. Nitarudi hapo.

Mgogoro ukaja. Wa nane, mwimbaji kiongozi wa teno, aliyeanzisha nyimbo tatu kati ya nane, alikuwa amekwisha kuhama kanisa baada ya kutoelewana juu ya michango. Hakuja jiweni. Kamati ikasema asiwekwe. Nilikuwa na picha yake nzuri ya Pasaka iliyotangulia. Kumweka ni dakika kumi, kumwacha ni sifuri. Wiki tatu walibishana. Niliulizwa maoni yangu, nikajibu kwamba hayo ni ya kamati. Najutia jibu hilo, kwa sababu nilikuwa na la kusema na nililijua.

Aliyesema ni mwalimu. "Sauti yake mmeiacha ndani. Mtu akiisikia atautafuta uso. Asipouona atauliza, na mtoto wa kwaya atajibu nini?" Akaongeza kwamba wangetaka kumtoa, wairekodi upya albamu, na yeye yuko tayari kuanza mazoezi Jumamosi. Hakuna aliyetaka kurudi studio.

Basi nilimweka, safu ya tatu, wa tatu kutoka kushoto. Kwenye picha ya Pasaka kwaya ilikuwa bado haijabadilisha kola, na yake ilikuwa ya mviringo huku za wenzake zikiwa za pembe. Mtu mmoja wa kamati alinitaka niirekebishe ifanane. Niliiacha. Alikuwa pale alipokuwepo, kwa joho alilovaa siku alizoimba.

Kilichotokea masikioni

Nakala zilizobaki zilivalishwa kava mpya, zikaisha, tukachapisha nyingine. Hilo ni jema, ingawa sipendi kulifanya ndilo ushahidi. Mauzo yana sababu nyingi. Krismasi ilikuwa inakaribia na watu walikuwa wanarudi nyumbani. Ushahidi wangu ni mwingine.

Kwanza, watu walinyosha kidole kabla ya kutoa pesa. Kila mmoja. Kidole kilitembea juu ya nyuso, kikasimama, na hapo ndipo mkono mwingine ulipoingia mfukoni.

Pili, na hili ndilo lililonibadilisha, nilialikwa chai kwa yule mama wa alto. Kava ilikuwa ukutani, imetiwa kwenye fremu ya kioo kati ya kalenda na picha ya harusi. VCD ilikuwa inacheza. Mjukuu wake wa miaka kama sita alipanda kwenye kochi, akaweka kidole kwenye safu ya pili juu ya kioo, akauliza, "Dani," yaani nyanya kwa Dholuo, "sauti yako ni ipi?" Mama akaanza kuimba sehemu yake juu ya muziki, peke yake, ile sauti ya katikati ambayo hakuna anayeisikia kwa kuwa sopranu wameifunika. Mtoto akanyamaza, akageuza kichwa kuelekea televisheni. Wimbo ulipofika beti ya pili akasema, "Nimeisikia."

Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule mara nyingi kuliko mtu yeyote nje ya kwaya, nikaamka alfajiri kwa ajili yake, na sikuwa nimewahi kuisikia alto. Nilisikia wingi wa sauti kama maji. Nikarudi kibandani na kava mkononi, nikasikiliza nikizifuata safu: hawa, sasa hawa, sasa wale wa juu. Kumbe besi hawakungoja beti ya pili. Walikuwemo tangu beti ya kwanza, wakivuma midomo imefungwa. Ukaidi wa mwalimu ulikuwa ramani.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokosea mara ya kwanza. Mtumbwi ulieleza wimbo mmoja kwa uzuri, ukamwacha msikilizaji aketi nje, aupende kutoka ufukweni. Safu za nyuso zilimpa sikio mahali pa kuingilia: mtu mmoja anayemjua, kisha sauti ya mtu huyo, kisha jirani yake, mpaka kwaya nzima.

Tangu hapo hata majalada ya ng'ambo nayaona kwa jicho hilo. Albamu ya Bob Marley na The Wailers ya mwaka 1973, Catch a Fire, ilitoka kwanza ndani ya jalada lenye umbo la kiberiti cha Zippo, lenye bawaba, unalifungua kama kiberiti chenyewe. Zilitengenezwa nakala kama 20,000 hivyo, kisha gharama ikawashinda, na matoleo yaliyofuata yakabeba picha ya Marley mwenyewe iliyopigwa na Esther Anderson. Muziki mmoja, kwanza kifaa, kisha uso. Na jalada la Survival la mwaka 1979, lililosanifiwa na Neville Garrick, halina uso kabisa. Lina bendera za nchi huru za Afrika, na nyuma ya jina la albamu kuna mchoro wa watu waliopangwa kwenye meli ya watumwa. Kila Mkenya niliyemwona akilishika hufanya jambo lile lile: anatafuta mpaka aione nyeusi, nyekundu na kijani yenye ngao. Ni kidole kile kile kilichotembea juu ya nyuso za kava yetu ya pili. Kwa hiyo sisemi kila jalada liwe na nyuso. Nasema Garrick aliacha mahali pa kidole kusimama, na mimi sikuacha.

Simu

Mwaka jana vijana wa kwaya waliziweka nyimbo mtandaoni. Wasambazaji wengi huomba picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000, lakini kwenye orodha ya nyimbo simuni picha hiyo inaonekana na upana wa kama sentimita moja. Gawanya kwa wanane: mtu anapata milimita moja na robo, na uso wake haufiki hata milimita moja. Kava ya Kit Mikayi inageuka kuwa mtama uliomwagwa kwenye jiwe. Vijana wakaikumbuka ya kwanza. Mtumbwi unaonekana vizuri simuni. Tanga, maji, mstari wa alfajiri, unautambua hata ukiwa ndani ya matatu inayoruka mashimo. Ndio wanaoutumia, na wamefanya sawa.

Mwalimu, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alitoa sharti moja. Kila video ifunguke kwa ile picha ya safu nne, ijae kioo chote cha simu, ikae sekunde za kutosha mtu kuikuza kwa vidole viwili na kumfikia wake.

Diski yangu ya zamani iliharibika na faili la asili limepotea. Nakala pekee iliyokuwa safi ni ile ya ukutani kwa mama wa alto, na unyevu ulikuwa umeigandisha karatasi kwenye kioo. Niliibandua kwa mvuke wa birika, taratibu, mchana mzima, yeye akishika fremu. Nyuso nane za safu ya besi zilibaki kwenye kioo. Amenipa picha alizonazo za ibada na harusi, nami nimekuwa nikiwarudisha mmoja mmoja, nikiwapima kwa milimita zile zile. Sita wamekwisha rudi. Wawili bado nawatafutia picha. Safu ya tatu imetoka nzima, na wa tatu kutoka kushoto yupo, na kola yake ya mviringo.